Kufufua madirisha ya mbao ya nyumba kongwe: anzia chini

Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe akiniita kuangalia madirisha, mara nyingi ameshaamua: yang'olewe, yawekwe mapya, pengine ya alumini. Humwomba tushushe mlango mmoja wa dirisha kwanza, tuukwangue kidogo katikati. Chini ya rangi hutoka mvule au msaji, mzito, nyuzi zimebanana. Mbao kama hizo leo ni ghali na hazipatikani kirahisi. Ukienda dukani utapewa za msonobari, tena pengine bado mbichi. Ubovu upo, ndiyo, lakini umekaa chini, sentimita 10 au 20 za mwisho, maji yanakotuama. Basi tunaondoa kilichooza, kizima tunakiacha.

Mimi huanza Juni, masika yakishapita, nimalize kabla ya mvua za vuli. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kama nyumba iko huko pita kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe ueleze unachotaka kufanya.

Hatua ya 1: Weka alama, kisha shusha

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazina kona ya mraba. Kila mlango wa dirisha ulirandwa ukae kwenye tundu lake mwenyewe, na ukiuhamishia dirisha la pili utakwama. Chora namba kwa patasi mahali bawaba inapokaa, kwa sababu namba ya chaki au kalamu itaondoka pamoja na rangi. Skrubu iliyoganda kwa kutu isilazimishwe: itie mafuta, ilale usiku mzima, asubuhi ijaribu tena.

Hatua ya 2: Tafuta ubovu kwa mkono

Chukua bisibisi, chomachoma mbao za wima kuanzia chini kwenda juu. Penye ubao mzima ncha hugoma. Palipooza huzama bila nguvu na hutoka na unyevu. Gonga kwa mpini pia, usikilize: sauti ya uvungu ina maana mchwa wamekula ndani na kuacha ganda. Ukiona vijia vya udongo kwenye fremu, tibu mchwa wa ukutani kabla ya kugusa dirisha.

Hatua ya 3: Ondoa rangi

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua kwa kikwangulio chenye makali, vaa barakoa nzuri, tandika turubai chini. Maganda yote yatiwe kwenye mfuko. Yasifagiliwe uani wanakocheza watoto na kudonoa kuku. Moto wa gesi usiusogeze kabisa, unageuza risasi kuwa moshi na unaunguza mbao.

Ukishamaliza, simamisha milango kivulini penye upepo kwa wiki mbili. Usiianike juani, itapasuka.

Hatua ya 4: Unga miguu

Miguu ni ncha za chini za mbao za wima. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakwangua uozo na kujaza puti ya magari. Inapendeza siku ya kukabidhi. Lakini ubao huvimba na kusinyaa, puti haiendi nao. Hufunguka ufa mwembamba kama unywele, maji huingia na hayatoki. Dirisha moja nililolijaza hivyo nililifungua baada ya masika mawili: puti ilitoka nzima mkononi, na nyuma yake ubao umekuwa kama mkate uliolowa. Tangu hapo nakata.

Kata ubao wa wima kwa mshazari, sentimita 5 kupita pale ubovu unapoishia. Kwa ubao wenye unene wa sentimita 4, mshazari wangu huwa na urefu wa sentimita 16 hivi, ili gundi ipate eneo la kushika. Mteremko wa mkato uelekee nje: upande wa chumbani uanze juu, upande wa barabarani uishie chini. Hivyo hata kiungo kikija kuchoka, maji yatateremka kwenda nje.

Kipande kipya kiwe cha mbao za aina ileile, nyuzi zikifuata mwelekeo uleule. Mbao kuukuu za boriti au milango iliyovunjwa zinafaa sana, zimeshatulia. Mvule na msaji zina mafuta yanayokataa gundi, kwa hiyo futa nyuso zote mbili kwa spiriti muda mfupi kabla ya kuunga. Tumia epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, bana kwa klampu, uache hadi kesho yake. Kisha tundu mbili za keekee, vigingi viwili vya mbao ngumu. Msumari wa chuma usiutie. Hewa ya chumvi itaula na kutu itapasua ubao.

Ulimi wa ubao wa chini wa mlalo, yaani ncha inayoingia kwenye tundu la ubao wa wima, ukiwa umeoza, chonga mwingine na uupachike kwenye mfereji uliochimbwa katika ubao huohuo.

Hatua ya 5: Vibao

Vibao ni vile vyembamba vya mlalo vilivyopangwa ndani ya mlango wa dirisha. Badilisha vilivyovunjika tu. Vipya viingie kwenye mifereji yao bila gundi, viache nafasi ya milimita 1, maana masika vitavimba.

Hatua ya 6: Mafuta na rangi

Ubao hunywa maji kichwani, pale ulipokatwa, kama mrija. Simamisha mlango kichwa chini, paka miguu mafuta ya kitani yaliyochanganywa na tapentaini. Yakinywewa, ongeza, endelea mpaka ikatae. Mafundi wengi huruka sehemu hii kwa kuwa haionekani dirisha likishapachikwa, na ndiko uozo unakoanzia. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandaze vikauke au vitie majini, kwani vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Siku chache baadaye paka rangi ya kwanza ya kushikia, kisha mikono miwili myembamba ya rangi ya mafuta, miguu pia.

Hatua ya 7: Pachika

Rudisha bawaba za zamani kama bado nzima, kwa skrubu za shaba. Acha milimita 3 kuzunguka mlango. Halafu funga dirisha, mwaga kikombe cha maji juu ya kizingiti cha chini, utazame. Yakikimbilia nje, sawa. Yakisimama au kurudi ndani, kuna mtu alipaka saruji pale zamani: ibandue, paka chokaa yenye mteremko, ikauke, kisha umwage tena.