Somo: Kupitisha laina ya dohani kwenye nyumba ya zamani

Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa kabla ya 1965, ikiwemo hii yetu, zina dohani ya matofali matupu. Miaka inavyokwenda, asidi ya moshi inakula chokaa kati ya matofali, na moshi unapenya hadi chumba cha juu walikolala watoto. Ndiyo maana kabla ya kuwasha jiko la kuni tunapitisha laina: bomba la chuma kisichoshika kutu, linalojikunja, toka kileleni hadi kwenye jiko.

Ukiifanya mwenyewe, iarifu kwanza ofisi ya ukaguzi wa majengo ya halmashauri. Fundi aliyesajiliwa HETAS, shirika linalosajili mafundi wa majiko ya kuni, hujithibitishia kazi yake. Wewe na mimi hatuna ruhusa hiyo.

1. Fagia dohani mpaka masizi yaishe. Masizi yakibaki nyuma ya laina, hutayafikia tena, nayo yanashika moto.

2. Teremsha kamba yenye uzito, upime urefu, uongeze nusu mita. Kwa jiko la kuni kipenyo cha kawaida ni milimita 150. Ukichoma makaa ya mawe pia, nunua laina ya chuma cha daraja la 904 badala ya 316.

3. Tandaza laina uani, utafute mishale iliyochapwa juu yake. Mishale ielekee angani. Ikigeuzwa, lami ya moshi inayotiririka ndani inaingia kwenye maungio, na brashi ya mfagiaji inayakwaruza.

4. Funga koni ya kuvutia kwenye ncha ya chini, kisha kamba kwenye koni. Wawili wapande juu, na wasimame kwenye jukwaa la mafundi, siyo ngazi tupu. Mmoja akae chini mekoni kuvuta. Wa nne asimame uani kupaza sauti, maana wa juu na wa chini hawasikilizani.

Hapa ndipo kazi ilipo. Wa juu ashushe, asisukume. Wa chini avute taratibu, na ikikwama aseme "simama". Dohani nyingi zina kona njiani. Sisi tulikwama hapo, shemeji yangu akasukuma kwa nguvu, laina ikabonyea. Tuliitoa yote, tukakata kipande kilichoharibika na kuanza upya. Siku hizi ikikwama tunairudisha juu kidogo, tunaizungusha robo, tunavuta tena. Vaeni glavu nene. Ukingo wa laina unakata kama wembe.

5. Ikifika chini, ibane juu kwa bamba lake na saruji, uweke kofia ya kuzuia mvua na ndege. Chini iunge na jiko kwa adapta, uzibe mdomo wa dohani kwa bamba la chuma.

6. Washa kidonge cha moshi ndani ya jiko, mlango umefungwa. Moshi utoke kileleni tu. Kagueni kila chumba, hata darini.

7. Funga kengele ya kaboni monoksaidi chumba hichohicho chenye jiko, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko lenyewe. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Nakusihi, usiwashe moto wa kwanza bila kengele.

Maswali ya wanachama

Dada wa Leicester: Kaka, naweza kutumia laina ya jiko la gesi? Ni nafuu sana.
Jibu: Hapana, dada yangu. Ile ina tabaka moja na ndani ina mikunjo. Ya kuni ina matabaka mawili, ndani laini.

Mzee wa Cardiff: Mwanangu, nijaze vemikulaiti, zile punje nyepesi za kuhifadhi joto, pembeni ya laina?
Jibu: Shikamoo mzee. Inasaidia kama dohani iko ukuta wa nje wenye baridi: moshi unabaki na joto, lami inapungua. Ya katikati ya nyumba haina ulazima sana.

Mgeni: Tuko wawili tu, inatosha?
Jibu: Kwa dohani iliyonyooka ya ghorofa moja, labda. Kama ina kona, subiri Jumamosi upate wengine.