Kurusha Redio ya Ridhaa Kutoka Gari Lililoegeshwa

Mashindano ya visiwani ya IOTA (Islands on the Air), ambapo wenye redio ya ridhaa, yaani wanaorusha kwa kujifurahisha tu, hutafuta kuzungumza na vituo vilivyo visiwani, huanza saa tisa alasiri kwa saa za Nairobi, Jumamosi ya wikendi kamili ya mwisho ya Julai, na huendelea kwa saa 24. Aliye bara pia anaruhusiwa kushiriki, hivyo mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya anaweza kuegesha gari mahali pa juu, kama vile upande wa Ngong, mbali na nyaya za stima zinazojaza kelele masikioni.

Umeme ndio wa kushughulikiwa kwanza. Redio ya wati 100 huvuta takriban ampea 20 inaporusha, kiasi ambacho tundu la kiberiti cha gari halihimili. Kwa hiyo vuta nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri na uweke fyuzi karibu nayo kabisa, kwani waya usio na fyuzi ukichubuka penye bati la gari unaweza kushika moto kabla hujafungua boneti. Mimi hupendelea betri ya pili, ili ile ya gari ibaki na nguvu ya kuwasha injini.

Kwa bendi ya mita 20 (masafa yenye mawimbi ya urefu wa takriban mita 20), antena ya wima yenye urefu wa takriban mita 5 yatosha, mradi kishikio chake kiguse chuma kitupu: kwangua rangi, kaza nati, kisha pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa) kwa wati chache. Radi ikianza kunguruma, ishushe mara moja.

Ukijibiwa, toa 59 (ripoti kwamba unamsikia vizuri) na namba yako ya mfululizo ya mawasiliano, kuanzia 001, kisha andika papo hapo namba ya IOTA ya kisiwa cha aliyekujibu, kama yuko kisiwani.