Rivebu ya springi imekufa? Tafuta kwanza upande unaoumwa

Ampu za gitaa zinafika mezani kwangu zikiwa zimeshahukumiwa. Mwenye nayo anaiweka chini na kusema, "Fundi, rivebu imekufa, niagizie tanki." Huwa namwomba anipe nusu saa kwanza. Tanki la springi, yaani kisanduku cha chuma kinachoipa sauti ya gitaa mwangwi huo wa rivebu, halina mambo mengi ndani yake, na mara nyingi kinacholinyamazisha ni waya mwembamba kama unywele, jeki yenye kutu, au kebo iliyokatikia ndani kwa ndani. Kuagiza tanki kutoka nje ni wiki za kusubiri, na likifika wakati ugonjwa uko kwingine, fedha imekwenda na ampu bado ni bubu.

Kazi yenyewe iko hivi. Ampu inapeleka sehemu ya sauti ya gitaa kwenye koili iliyo mwanzoni mwa tanki. Koili inatikisa sumaku ndogo sana zilizofungwa kwenye ncha za springi, mtikisiko unasafiri hadi mwisho, unagonga, unarudi, unagonga tena. Kule mwisho kuna koili ya pili, na sumaku zikicheza mbele yake inazaa umeme kidogo ambao ampu inaukuza na kuuchanganya na sauti ya kawaida. Kwa hiyo kuna njia ya kwenda, kuna springi, kuna njia ya kurudi. Kutafuta ubovu ni kujua ni ipi kati ya hizo tatu iliyokatika.

Nitatumia mfano wa Twin Reverb na Deluxe Reverb za Fender. Fender walitoa kisanduku cha rivebu kinachojitegemea mwaka 1961, na mwaka 1963 wakaiingiza ndani ya ampu yenye jina Vibroverb. Mpango wao wa valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, umeigwa na watengenezaji wengi, na ukiuelewa huo, ampu nyingi za valvu hazitakusumbua.

Neno moja kabla ya kuanza, na nakuomba ulichukue kwa uzito. Ndani ya chasisi ya ampu hizi, lile sanduku la chuma lenye saketi, kuna volti zaidi ya 400, na kapasita, vile viungo vya kuhifadhi umeme, zinaendelea kushika umeme huo hata ukishachomoa plagi ukutani. Hatua zote zilizo hapa zinafanyika bila kufungua chasisi. Zikikuonyesha kwamba ubovu uko ndani ya chasisi na hujazoea umeme wa namna hiyo, mpelekee fundi aliyezoea.

Hatua ya 1: Chomoa swichi ya mguu

Kwenye ampu hizi swichi ya mguu inazima rivebu kwa kuipeleka sauti yake kwenye ethi (ardhi). Ikiwa kebo ya swichi imejigusa ndani, rivebu inabaki imezimwa siku zote hata ukanyage mara mia. Ichomoe kabisa upande wa nyuma, kisha piga gitaa. Hakikisha pia umechomeka gitaa kwenye chaneli ya Vibrato, maana chaneli ya Normal haina rivebu. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kwa hilo tu.

Hatua ya 2: Itikise ampu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, nacho hakihitaji kifaa. Washa ampu, weka nobu ya Reverb kwenye 4, sauti ya gitaa ifunge. Piga ubavu wa ampu kwa kiganja, pigo fupi la wastani. Springi nzima hutoa kishindo kama radi, kama mabati yanayoporomoka.

Ukisikia radi lakini ukipiga gitaa hupati mwangwi, springi na njia ya kurudi ni nzima. Ubovu uko njia ya kwenda. Nenda hatua ya 4. Usiposikia radi, endelea na hatua ya 3.

Hatua ya 3: Njia ya kurudi

Punguza nobu ya Reverb hadi 2. Tafuta tanki, kwa kawaida liko chini ya kabati ndani ya mfuko, likiwa na kebo mbili za plagi za RCA. Chomoa ile ya upande wa kutoka, iliyoandikwa Output, na uguse pini yake ya katikati kwa kidole. Gusa hiyo tu, si ile ya kwenda. Ukisikia mvumo mnene, kebo na valvu ya kurudisha zinafanya kazi, na mgonjwa ni tanki lenyewe; nenda hatua ya 5.

Kukiwa kimya, badilisha kebo kabla ya kitu kingine. Kebo hizi hukatika pale zinapoingia kwenye plagi, na kwa nje huoni chochote. Huku kwetu pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Jeki inaota kutu ya kijani na mawasiliano yanakatika. Isafishe kwa spiriti, chomeka na kuchomoa plagi mara kumi. Kimya kikiendelea, jaribu valvu nyingine. Ukitazama ampu kwa nyuma, hesabu kutoka kulia: ya 4 ni 12AX7, na nusu yake ndiyo inayokuza sauti ya springi. Nusu ya pili inabeba chaneli nzima, kwa hiyo chaneli ikidhoofika pamoja na rivebu, valvu hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Hatua ya 4: Njia ya kwenda

Zima ampu. Chomoa kebo iliyo kwenye Input ya tanki na uiunge na spika ndogo ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hata ya redio inatosha. Washa, piga gitaa taratibu. Ukilisikia gitaa kwenye kispika hicho, ampu inapeleka sauti vizuri, na ubovu uko kwenye koili ya kuingilia. Usiposikia, badilisha valvu ya 3 kutoka kulia, 12AT7. Valvu hiyo hufanya kazi nzito, nayo huchoka. Ikiwa bado kimya, basi ni transfoma ya rivebu au viungo vilivyo ndani ya chasisi.

Hatua ya 5: Pima koili kwa mita

Ampu ikiwa imezimwa, chomoa kebo zote mbili. Soma namba iliyopigwa kwenye tanki. Ya ampu hizi huwa 4AB3C1B, na kila herufi ina maana. A ni mwingilio wa omu 8, B ya kwanza ni mtoko wa omu 2250, 3 ni mwangwi mrefu, C inasema jeki ya kuingilia imetengwa na bodi ya tanki na ya kutokea imeunganishwa nayo, na B ya mwisho inasema tanki lilazwe upande wa wazi ukitazama chini.

Hapa wengi wanakosea. Omu hizo ni za sauti ya mzunguko 1000 kwa sekunde. Mita yako haitaonyesha hivyo. Koili ya kuingilia itaonyesha karibu omu 1, na ya kutokea karibu 200. Ukiona omu 1, usiseme koili imeungua ikashikana. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, kisha utoe kiasi hicho. Mita isiposoma kitu kabisa, waya umekatika mahali.

Hatua ya 6: Tafuta mkato kwa macho

Geuza tanki, lete taa na lenzi. Kutoka kwenye jeki kwenda koili kuna nyaya laini, zimeachwa zilegee kwa sababu kitanda cha ndani kinaning'inia kwenye springi nne ndogo. Kila ampu ikisafirishwa kitanda kinacheza, na nyaya zinachoka pale zilipolehemiwa.

Niliwahi kuletewa ampu ya kanisa ambayo ilishabadilishwa valvu zote. Niliweka mita kwenye jeki ya kutokea, kimya. Nikaanza kusukuma waya mmoja mmoja kwa kijiti cha meno. Nilipofika penye koili, mita ikaruka: 198, ikapotea, 201, ikapotea. Waya ulikuwa umekatika lakini bado umegusana, na rangi ya varnishi iliuficha.

Dawa yake ni subira. Kwa kipande cha msasa laini, sugua varnishi milimita 2 au 3 tu hadi shaba ing'ae. Paka risasi ya kulehemu kidogo kwa pasi ya kulehemu ya wati 25, iguse sekunde moja na uondoe, maana kiungo cha plastiki kilicho chini kinayeyuka upesi. Chukua uzi mmoja kutoka kwenye waya wa nyuzi nyingi, uunge kama daraja, uache legelege. Malizia na tone la gundi ya epoksi kushika kiungo, lisifike kwenye sumaku.

Ukiwa hapo, angalia springi zote zimeshika kulabu zake. Iliyochomoka irudishe kwa kibano bila kuivuta. Sumaku iwe katikati ya mwanya, isiguse chuma.

Kama rivebu ipo lakini inasumbua

Ikiwa dhaifu mno, angalia kama kebo mbili zimebadilishana nafasi. Ikivuma, geuza tanki ili upande wa kutokea uwe mbali na transfoma ya umeme. Ikipiga yowe unapoongeza sauti, pengine tanki limekazwa kwa skrubu hadi likabana na kabati. Zilegeze na urudishe mfuko wake.

Lilaze upande wa wazi chini, rudisha kebo, washa. Piga noti moja, zima nyuzi kwa kiganja, sikiliza mkia wake. Tanki hili lenye afya linapaswa kuendelea kuimba kwa karibu sekunde 3 kabla halijanyamaza.