Namna ya kuusoma utafiti wa maoni uliofanywa kwa simu

Matokeo ya utafiti wa maoni yanapofika maskani, mara nyingi huwa ni asilimia tupu. Kabla ya kuyapokea, tafuta kwanza waliohojiwa ni wangapi na wako wapi. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa kubahatisha huacha nafasi ya makosa ya takriban asilimia 3 juu au chini. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Utafiti wa ukubwa huo, hata ungefanywa kwa uaminifu kamili, usingeweza kumtaja aliyekuwa mbele.

Kisha hesabu fungu letu. Kwa Sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, kama asilimia 3 ya Watanzania wote. Utafiti wa taifa wa watu 2,000, ukigawanywa kwa kufuata idadi ya watu, utakuwa umewasikiliza Wazanzibari wapatao 60, na kutoka Pemba hata 20 hawafiki. Anayechomoa humo asilimia za Zanzibar na kuziita maoni ya Visiwani anapotosha. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza, kwa mfano, imekuwa ikieleza wazi kwamba inahusu Tanzania Bara, lakini maelezo ya aina hiyo ndiyo ya mwanzo kudondoka ujumbe unaposambazwa WhatsApp.

Angalia pia kama takwimu zimesawazishwa kwa sensa, yaani kila kundi limepewa uzito unaolingana na idadi yake halisi, kwa sababu mwenye laini tatu ana nafasi tatu za kupigiwa, na asiye na simu hana hata moja. Namba ya mkononi, isitoshe, haisemi kama mwenyewe yuko Mkoani, Pemba, au Kariakoo ya Dar es Salaam.

Lililo zito zaidi ni hofu. Mama wa Micheweni amepokea simu iliyowekwa spika, mume na mashemeji wamekaa ubavuni, na sauti asiyoijua inamwuliza atampigia nani kura: atajibu lile litakalomwacha salama. Kwa hiyo tafuta idadi ya waliokataa kujibu na waliosema hawajaamua. Ikiwa ni kubwa kuliko pengo la wagombea, usiutegemee mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa pili.

Nawasihi hasa watangazaji wa redio, kwani mgombea akishatajwa hewani kuwa yuko nyuma, wafuasi wake huenda wakavunjika moyo na wengine wasiende kituoni: someni tarehe, eneo, swali lenyewe na jina la aliyegharamia, ndipo mzitaje asilimia.