Jinsi ya Kulinganisha Pedi za Breki Kabla Hujalipa

Wateja wengi wanaoleta pedi za Kariakoo gereji kwetu Buguruni huniambia, "Fundi, muuzaji kasema hizi ni ngumu." Ugumu peke yake haukuambii gari litasimama wapi. Mimi swali langu la kwanza ni hili: pedi ikishapata moto, inashikaje?

Hatua ya 1: Soma herufi.
Tazama ubavuni au mgongoni mwa pedi. Mara nyingi penye msururu wa namba kuna herufi mbili, mfano FF au FE. Ya kwanza ni msuguano wa pedi ikiwa bado haijachemka, ya pili ikishachemka. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FE hushuka daraja ikipata moto, FF hubaki palepale. Kama unateremka mlima mkali kama Kitonga na mzigo, herufi ya pili ndiyo ya kuitazama, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kulisimamisha gari huwa mara nne. Ila herufi hizi hazisemi pedi itadumu kiasi gani, na hata mtengeneza feki anaweza kuzichapa.

Hatua ya 2: Tumia sumaku.
Ining'inize sumaku ndogo kwa uzi, uisogeze kwenye uso unaosugua diski, mbali na bamba la chuma la mgongoni lisije likakudanganya. Ikivutwa sana, pedi ina chuma kingi: huvumilia joto, lakini hula diski na hupiga kelele. Ikivutwa kidogo au isivutwe, huenda ni ya oganiki, iliyo laini na kimya ila huisha mapema, au seramiki, yenye vumbi dogo na bei kubwa. Gari dogo la foleni za mjini, kama Barabara ya Mandela, oganiki nzuri inalitosha.

Hatua ya 3: Kagua nyufa, na kama pedi imeshikana sawasawa na bamba.
Tafadhali usiipige msasa kuijaribu, wala usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Baadhi ya pedi zina asbesto, na vumbi lake huleta saratani. Futa kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 4: Ukishanunua, pima kwa kalipa, yaani kile kifaa cha kupimia unene, siyo kalipa ya breki.
Andika unene wa pedi na wa diski siku ya kufunga, kisha rudia kila kilomita 5,000. Sehemu ya pedi inayosugua ikibaki milimita 3, bila kuhesabu bamba, itoe. Kati ya pedi iliyoliwa haraka ikaacha diski nzima na iliyodumu huku ikiichimba diski, mimi nachukua ya kwanza. Diski ndiyo ghali.