Msimu wa korosho na ngozi yetu: kujikinga na jua kwa wenye ualbino

Mimi ni mwanamke mwenye ualbino, mkulima wa korosho upande wa Newala. Nawaandikia wenzangu wa Mtwara na Lindi, pamoja na wazazi wanaolea watoto wenye hali hii. Ushauri mwingi tunaopewa huanza na losheni. Losheni inafaa sana, lakini huisha, na bei yake dukani wengi wetu hatuimudu. Saa za kazi na nguo tunazipanga wenyewe kila siku, kwa hiyo naanza na hizo.

Ngozi yetu haina melanini ya kutosha, ile rangi inayozuia miale ya jua isiharibu ngozi kwa ndani. Wekundu wa kuungua ukiisha, madhara hubaki na kujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana saratani ya ngozi huwapata wengi wetu tungali vijana, hasa usoni, masikioni, shingoni na nyuma ya viganja. Marehemu kaka yangu, naye mwenye ualbino, alianza na kidonda kidogo kwenye ncha ya sikio. Hakufika miaka 40.

Sasa tazama kalenda yetu. Jua la utosi hutupitia huku kusini mara mbili kwa mwaka: mara baada ya tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 20 Februari. Oktoba ndio wakati korosho zinaanguka, kila mtu yuko shambani tangu alfajiri na mnada unasubiriwa. Kazi inapokuwa nyingi kuliko zote, jua nalo liko juu ya kichwa.

Kwa hiyo pima kwa kivuli. Simama wima mahali wazi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, toka juani. Wataalamu hutaja saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, lakini jua la Oktoba huku kwetu huchomoza kabla ya saa kumi na mbili, na kufikia saa tatu asubuhi kivuli kimeshakuwa kifupi. Mimi naingia shambani kukipambazuka, saa tatu natoka, narudi saa kumi hadi giza linapokaribia. Kuokota chini ya mikorosho iliyoshikana kuna nafuu kwa sababu kivuli chake ni kizito. Hatari kubwa iko kwenye kuanika. Korosho huanikwa peupe, na kuzigeuza kunatakiwa mchana. Hiyo kazi usiifanye wewe. Kaeni kama familia kabla ya msimu mgawane: wewe chukua kutenganisha korosho na mabibo, kuchambua mbovu, kujaza magunia, kushika daftari la mizani, yote kivulini. Na siku ya kupeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, foleni hukaa nje kwa saa nyingi. Mwombe ndugu apange foleni, wewe usubiri barazani.

Usidanganywe na ubaridi. Kusi linapovuma mwezi wa sita na wa saba, uwanda wetu wa Makonde hupoa mpaka tunavaa sweta, ila miale inayounguza haina uhusiano na baridi. Mawingu ya masika nayo huipitisha sehemu kubwa.

Kwenye nguo, kipimo ni kimoja: inua kitambaa kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya, miale nayo inapenya. Kanga iliyochakaa haifai peke yake. Kitenge kizito, khaki na jinzi vinafaa, na rangi iliyokolea hukinga zaidi kuliko nyeupe. Mikono ifike kwenye vifundo vya mikono, shingo ifunikwe, sketi au suruali ifike miguuni. Nguo iliyolowa jasho au maji, hasa nyeupe nyepesi, hupitisha miale zaidi, kwa hiyo beba ya kubadilisha. Kofia iwe na ukingo wa vidole vinne au zaidi kuzunguka pande zote. Kepi wanazopenda vijana huacha masikio na kisogo wazi, na masikio ndipo mambo huanzia. Kama huna kofia pana, mwambie fundi cherehani ashonee kepi kipande cha kitenge nyuma na pembeni.

Losheni chagua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Ipake robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, iwe nyingi: chora mstari wa losheni kwenye urefu wa kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, hiyo ndiyo ya uso, masikio na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka jasho jingi. Midomo tunaisahau sana. Mafuta ya nazi na vaselini hulainisha ngozi tu. Kuna losheni ya Kilisun iliyoanza kutengenezwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kwa ajili yetu wenye ualbino, na hugawiwa bila malipo kwenye kliniki. Uliza hospitali ya wilaya na viongozi wa chama chetu cha wenye ualbino mahali ulipo.

Wenzetu wa pwani wana jambo la ziada. Mchanga, maji na mashamba ya chumvi hurudisha miale kutoka chini, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Anayelima mwani hufuata maji yanapokupwa, na maji yakikupwa mchana yuko katikati ya jua kabisa. Kwa siku hizo ningeshauri abaki nchi kavu akifunga kamba na kusafisha mwani chini ya banda. Fedha igawanywe sawa.

Kwa mtoto, zungumza na mwalimu mkuu mapema, kabla shule hazijafunguliwa. Omba aruhusiwe sare ya mikono mirefu na kofia, asimame kivulini wakati wa paredi, na usafi wa mazingira apangiwe ndani. Mtoto mchanga chini ya miezi sita mkinge kwa nguo na kivuli.

Kila mwezi jikague kwenye mwanga mzuri, ukiwa na kioo na mtu wa kukuangalia mgongoni na nyuma ya masikio. Tafuta sehemu ngumu inayokwaruza kama msasa, kinyama kinachokua, na kidonda kisichopona kwa wiki nne. Hivyo vya msasa vikiwahiwa, daktari huvigandisha kwa baridi kali na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ona mtaalamu wa ngozi kila miezi sita hata kama huna kitu. Ukiwa na kidonda, usikipake majani wala dawa ya mtaani ukisubiri fedha za korosho. Nenda hospitali ya Ligula au ya Ndanda, na walio Lindi waende hospitali ya Sokoine. Ukiandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, safiri wiki hiyohiyo, kama hali ya barabara inaruhusu kwa basi la usiku, na ukikosa kiti cha usiku kaa upande usiopigwa na jua na ufunike dirisha kwa kitenge.