Potifolio ya mwanafunzi: anza na kazi, rangi zitasubiri

Msimu wa maombi ya mafunzo kwa vitendo ukifika, kazini kwetu mimi ndiye hurushiwa linki za potifolio, yaani tovuti ndogo ambazo mtu huonyeshea kazi zake, nizipitie. Nazifungua kwenye simu, na wengi hunipoteza kabla sijaiona kazi hata moja. Utakuta salamu kubwa inayojiandika herufi moja moja, halafu mistari ya ujuzi iliyojazwa hadi asilimia 85 (ya nini, hakuna anayejua), halafu picha ya mwenyewe akitazama mbali. Kazi zimefichwa chini kabisa, picha tupu bila neno. Ndiyo maana mimi nawaambia wanafunzi waanze kinyumenyume.

Weka kompyuta pembeni. Chukua karatasi uorodheshe kila ulichowahi kutengeneza: mazoezi ya darasani, bango la klabu, programu ndogo, ripoti ya utafiti, hata kile ulichomsaidia rafiki. Kisha chagua vitatu. Kipimo changu ni kimoja: mtu akiniuliza swali gumu kuhusu kazi hii, nitaweza kumjibu bila kubabaika? Kama jibu ni hapana, iache, hata kama inapendeza macho.

Sasa andika maelezo, na hapa usione taabu kukaa jioni nzima. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini mtandaoni chema kisicho na maelezo hakimwambii msomaji wewe ulifanya nini. Tazama sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo kila mara:

“Nilishiriki katika mradi wa kutengeneza mfumo wa maktaba.”

Ulishiriki vipi? Huenda ulikuwa unashika chaja. Kazi ileile inaweza kuelezwa hivi:

“Tulikuwa wanne. Mimi niliandika sehemu ya kutafuta vitabu. Mwanzoni, mtu akikosea herufi moja alikuwa hapati kitu, kwa hiyo nikaongeza orodha ya majina yanayokaribiana. Bado inakuwa nzito vitabu vikiwa vingi, sijaupata ufumbuzi.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonifanya nimwite mtu kwenye usaili. Anayejua kazi yake imepungukiwa wapi, huyo aliifanya kwa mikono yake. Kwa kila kazi, basi, jibu maswali manne: tatizo lilikuwa nini, mlikuwa wangapi na wewe ulishika lipi, kwa nini uliamua hivyo na si vile, na kipi kilishindikana. Maneno 150 yanatosha.

Maelezo yakishakamilika, ndipo utafute pa kuyaweka. Asiyetaka kugusa msimbo (maandishi ya programu) atumie Google Sites au WordPress.com; unavuta vipande, unabandika maandishi, unabonyeza kuchapisha, basi. Anayesomea kompyuta nitamtuma GitHub Pages, huduma ya kuchapisha tovuti ya GitHub, mtandao ambao watu huhifadhi msimbo wao, kwa sababu tovuti yenyewe inakuwa kazi ya nne ya kuonyesha. Unafungua hazina ya wazi (“public repository”, folda ya mradi inayoonwa na kila mtu), unaipa jina la akaunti yako likifuatiwa na .github.io, unaweka ndani faili liitwalo index.html, ndilo ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo subiri. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi dakika 10 kuonekana, kwa hiyo usianze kufutafuta mafaili kwa hofu. Hailipiwi. Jina lako la kikoa, yaani anwani ya tovuti iliyo yako mwenyewe, unaweza kulinunua baadaye, ila kumbuka hulipiwa upya kila mwaka, na ukisahau tovuti inapotea hewani.

Jambo moja la kufanya kabla ya yote hayo: jisajili kwa barua pepe yako binafsi. Mimi ya kwanza niliijenga kwa akaunti niliyopewa chuoni. Nilipohitimu akaunti ikafungwa, nayo tovuti ikaenda na maji.

Mpangilio usikuumize kichwa. Ukurasa mmoja unatosha: jina na sentensi moja ya unachofanya, kazi tatu, kisha mawasiliano. Maandishi meusi kwenye weupe hayajawahi kumkosesha mtu kazi.

Picha ndizo zenye vituko. Picha ya simu huwa na upana wa pikseli 4,000 au zaidi na uzito wa megabaiti kadhaa. Ukiweka sita kama zilivyo, msomaji anasubiri mpaka anachoka. Zipunguze hadi pikseli 1,600 kwa upana, utaona uzito unashuka sana na jicho halitambui tofauti. Video usiipakie humo kabisa. GitHub yenyewe haipokei faili linalozidi megabaiti 25 ukipakia kupitia kivinjari, kwa hiyo iweke YouTube kisha uweke linki. Na kila picha iandikie maelezo mafupi kwenye alt (sehemu ya maandishi yanayoieleza picha), ili asiyeona, anayesomewa na kompyuta, naye ajue pana nini.

Kisa changu na picha nakisimulia kila mwaka. Kwenye kompyuta yangu zote zilikuwa zinaonekana vizuri. Nikapandisha tovuti, nikatuma linki kwa fahari, kumbe walioifungua waliona vijisanduku vilivyovunjika. Nilihangaika usiku kucha. Faili liliitwa Bango.JPG, mimi kwenye msimbo nimeandika bango.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zinajali. Tangu siku ile majina yangu yote ya mafaili ni herufi ndogo, bila nafasi, maneno yakiunganishwa kwa kistari.

Kabla hujaituma kwa mtu, pitia unachokianika. Barua pepe inatosha. Namba ya simu na anwani ya nyumbani viache. Ukiweka picha ya cheti, ficha namba ya usajili. Picha ya skrini ikiwa na majina ya watu wengine, yafute. Picha za simu nazo mara nyingi hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa, kwa hiyo ondoa taarifa hizo kabla ya kupakia.

Kisha ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukiwa hujaingia akaunti yoyote, ubonyeze kila linki. Nimeshaletewa potifolio ambayo kila kazi ilinifikisha kwenye ukurasa wa kuomba ruhusa. Mwenyewe hakujua, maana kwake zote zilikuwa zinafunguka. Ukimaliza, mpe mtu simu yenye ukurasa huo, unyamaze, umtazame kidole. Pale anaposita ndipo pa kurekebisha. Ukianza kumweleza “hapo unabonyeza hivi”, jaribio limeharibika.

Kila muhula ukiisha, irudie. Ukiongeza kazi mpya, toa ile dhaifu. Mimi niliing'ang'ania kazi yangu ya kwanza kwa miaka mitatu, kikokotoo chenye vitufe vinavyomeremeta, kwa sababu tu niliipenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kuihusu.